Chumba cha Upande wa Barabara

Ofisini walimwita Mama Vyumba. Hakulipenda jina hilo, lakini lilimganda. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa safari katika idara ya maji, na kila mhandisi, mpimaji au mkaguzi aliyetumwa mjini kwa kazi, yeye ndiye aliyemtafutia pa kulala. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala hotelini hata siku moja.

Meza yake ilikuwa karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima aiguse kwa paja. Juu yake palikuwa na simu ya kijivu na daftari kubwa lenye jalada gumu. Ndani ya daftari hilo aliandika majina ya hoteli, namba zao, na kila neno baya lililowahi kusemwa juu yao. Lilikuwa daftari la manung'uniko. Kulikuwa na mkaguzi mmoja mrefu, anayetembea kana kwamba amemeza fimbo, ambaye siku moja alimwinamia na kumwambia, "Mama, safari hii nitafutie mahali patulivu. Kelele zimenichosha." Mama akahangaika na simu asubuhi nzima, akampatia chumba katika mtaa wa watu wenye uwezo, kimya, miti kila upande. Mkaguzi alirudi amenuna.

"Mama, ulinipeleka makaburini? Nimetembea nusu saa kutafuta kikombe cha chai!"

Wiki ileile mpimaji wa ramani, mtu wa vicheko, alitaka kinyume chake: mtaa uliochangamka, mtu akitoka mlangoni aone watu. Akapewa. Naye alirudi macho mekundu. "Pale chini pana kipaza sauti kinauza viatu tangu jua halijatoka."

"Si ulitaka watu?" Mama Vyumba akamjibu bila kuinua uso. "Hao ndio watu wenyewe."

Baada ya miaka mingi ya hayo alikata shauri kwamba binadamu hajui anachokitaka, na akaacha kuwasikiliza. Akajitungia njia yake. Akipiga simu hotelini, baada ya salamu humwambia mhudumu wa mapokezi, "Mwanangu, hebu nenda dirishani, unyooshe simu nje kidogo. Usiseme neno." Kisha hukaa anasikiliza. Wengine walidhani ni mgonjwa wa akili wakamkatia. Wengi walitii, maana alikuwa na sauti ya mama mkubwa wa mtu. Kwa njia hiyo aliijua mitaa ambayo hakuwahi kuikanyaga: mtaa wenye mafundi seremala, mtaa wenye shule, mtaa ambao mbwa wake hawanyamazi. Vijana wa ofisini walimcheka, lakini wakitaka kusafiri walikuja kwake vilevile.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa. Mumewe alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Ilikuwa imejengwa ubavuni mwa nyumba, ukuta kwa ukuta na chumba cha kulala, kwa sababu walipoanza maisha hawakuwa na kiwanja kingine. Miaka thelathini na minne mashine ile ilinguruma tangu asubuhi hadi jua linapozama, mabati yakitetemeka, vikombe kabatini vikigongana. Watoto watatu walisoma mpaka mwisho kwa mashine ile. Mama Vyumba hakuisahau fadhila hiyo, lakini aliichukia mashine yenyewe kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyeondoka.

Mumewe alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana. Akifurahisha nyumba, mkewe alimwita baba watoto. Akimuudhi alimwita Fundi. Katika miaka ya karibuni alikuwa Fundi karibu kila siku, na sababu ilikuwa redio. Mashine ikizimwa tu jioni, yeye anawasha redio. Anakula na redio, anaoga na redio, analala redio ikiwa chini ya mto, hata kama inakoroma tu bila stesheni. Mkewe alisema mpaka akachoka.

"Fundi, hiyo haina hata anayezungumza. Unasikiliza nini?"

"Iache tu, mama. Haikuli."

Alibisha, alinuna, kuna mwaka alihamia chumba cha watoto kwa mwezi mzima. Redio haikuzimwa. Mwishowe aliona ni ukaidi tu wa mtu aliyezoea kuamrisha mashine, akayameza.

Kisha macho ya mzee yakaingiwa na ukungu. Alianza kwa kumwaga unga pembeni ya gunia, akaja kumsalimia mti akidhani ni jirani, jambo lililochekesha mtaa mzima isipokuwa yeye. Daktari wa wilaya alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto limefika mbali zaidi. Wangeanza na la kulia, ambalo bado lilikuwa na nafuu, katika hospitali kubwa ya mjini. Wakae huko siku sita: siku ya vipimo, siku ya kupasuliwa, siku ya kufunguliwa, na siku chache za kuangaliwa.

Mpwa wa mzee akakabidhiwa mashine. Mama Vyumba akaomba likizo. Na kwa mara ya kwanza akaketi na daftari lake kujitafutia chumba yeye mwenyewe.

"Tafuta karibu na soko," mumewe alisema kutoka kwenye kochi. "Au karibu na stendi. Mahali mtu anasikia watu."

"Unakwenda kupasuliwa jicho, Fundi. Huendi harusini."

"Nasema tu."

"Mgonjwa anataka utulivu. Hata mtoto mdogo anajua hilo."

"Wewe ndiye unayetaka utulivu," mzee alisema, na hakuongeza neno.

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana mkewe aliudhika. Hoteli aliyoichagua haikuwemo katika daftari. Aliipata kwa kuuliza. Ilikuwa nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, katika mtaa wa makazi, mbali na barabara kuu. Alipomwambia msichana wa mapokezi anyooshe simu dirishani, alisikia ndege mmoja. Akasubiri. Ndege yule akalia tena, halafu hapakuwa na kitu. Mama Vyumba alikaa na simu sikioni mpaka msichana akauliza kama bado yupo. Alikuwepo. Alikuwa akijizuia asitoe machozi mbele ya vijana wa ofisini.

Siku ya kuondoka alipanga begi lao tena baada ya mumewe kulipanga. Redio ilikuwa imefungwa ndani ya sweta, katikati kabisa, kama mtu anavyoficha pombe. Akaitoa, akaiweka kabatini, akarudisha sweta, akafunga zipu. Siku sita tu, alijiambia. Siku sita katika miaka thelathini na minne si kosa.

Mambo yalianza kwenda mrama tangu kwenye lango. Dereva wa teksi alizunguka mtaa ule mara tatu kwa sababu kuta zote zilikuwa ndefu, zote nyeupe, na hapakuwa na mtu wa kuulizwa njia. Alipoipata nyumba alishusha begi huku akisonya. Chumba kilikuwa kizuri, shuka zimenyooka, dirisha linatazama bustani. Mama Vyumba alisimama katikati akavuta pumzi.

"Umesikia?" alisema.

"Nini?"

"Hakuna kitu!"

Mzee alikuwa amepiga magoti anapekua begi kwa vidole. Alipekua mara ya kwanza, akapekua ya pili, akatoa kila nguo. Kisha akakaa kitandani mikono juu ya magoti.

"Umeiacha," alisema.

"Hapa ni pa kupumzika, baba watoto. Utaona, utalala kama pono."

Mzee alianza kuzirudisha nguo begini, moja moja, bila kuzikunja. Hilo lilimtia mkewe wasiwasi kidogo, lakini alilipuuza.

Walipouliza chakula, msichana wa mapokezi alisema kwa adabu kwamba jikoni wanatoa chai ya asubuhi tu, chakula cha mchana na jioni wageni hujitegemea. Duka la karibu? Msichana alifikiri. Wageni wengi huja na magari yao, alisema. Mama Vyumba akatoka kwa miguu. Alipita lango baada ya lango, kila moja na mlinzi wake kwenye kiti cha plastiki, na kila mlinzi aliulizwa duka na kila mlinzi alionyesha mbele. Jua lilikuwa la utosi. Alirudi baada ya saa nzima na mkate, ndizi na chupa mbili za maji, ukanda wa kiatu umemkata kidole. Njiani alimkumbuka yule mkaguzi mrefu na jinsi alivyomwona mtu wa kudeka. Hakupenda kumkumbuka.

Siku ya vipimo ikapita. Siku ya pili mzee akapasuliwa. Haikuchukua hata saa moja. Alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na kifuniko cha plastiki. Kwa jicho la kushoto aliweza kutambua mwanga na kivuli tu. Muuguzi alimpa Mama Vyumba maelekezo kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara elfu: asiiname, asibebe kitu, asijikune, asipandwe na hasira, kesho saa tatu aletwe kufunguliwa.

"Apumzike mahali patulivu," muuguzi alimalizia.

"Tuko mahali patulivu sana," Mama Vyumba alisema. Hilo walau alikuwa amelipatia.

Walifika chumbani mchana. Akamlaza, akamfunika, akavuta pazia. Akavua viatu akajinyoosha pembeni yake, naye usingizi ukaanza kumchukua, usingizi mzuri wa mchana ambao hakuwahi kuupata nyumbani kwake. Akasikia maji. Alifungua macho. Upande wa mumewe palikuwa patupu, na bomba la bafuni lilikuwa linatiririka kwa nguvu zote. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu, mkono ukutani.

"Unataka kunawa? Si ungeniita."

"Hapana. Nimelifungua tu."

Akaenda kulifunga, akamrudisha kitandani. Hawajatulia, mzee akainuka tena akipapasa ukuta. Maji yakaanza tena.

Sasa, huyu alikuwa mwanamke aliyefanya kazi idara ya maji miaka ishirini na sita. Juu ya meza yake ofisini palibandikwa karatasi isemayo funga bomba. Aliinuka kwa mara ya pili, akalifunga kwa nguvu mpaka likalia.

"Fundi, una nini?"

"Liache likimbie kidogo."

"Maji ya watu yamwagike bure? Kwa sababu gani?"

"Nimekwambia liache!"

Hakuwa amempigia kelele hivyo kwa miaka. Mama Vyumba alikumbuka maneno ya muuguzi kuhusu hasira, akaketi kwenye kiti cha pembeni ameshika tama. Maji yalikimbia. Mzee alijilaza kwa mgongo, uso umeelekea bafuni. Nusu saa ilipita hivyo, wote wawili wamenuna, mpaka mlango ukabishwa. Alikuwa meneja, mtu mwenye tai fupi, anauliza kama kuna tatizo la bomba, maana tangi la juu limeshuka na chumba cha jirani hakina maji ya kuoga.

Mama Vyumba angetaka sakafu immeze. Aliomba radhi, akasema mgonjwa alisahau, akafunga bomba mbele ya meneja ili aone. Mlango ulipofungwa aligeuka.

"Nimeaibika. Idara ya maji nzima imeaibika. Utaniambia sasa hivi una nini, au nampigia binti yako simu aje akuchukue."

Mzee akageuza kichwa kuelekea kwenye sauti yake. Kisha akagusa sikio lake.

"Inasaga," alisema.

"Nini inasaga?"

"Mashine. Iko humu. Nikifika mahali pakimya, inasaga. Mlio mwembamba, kama mkanda unapotaka kukatika. Nyumbani siisikii sana, kwa sababu ya redio. Hapa..." Alipeperusha mkono kuelekea dirishani, kuelekea bustani na ndege wake. "Hapa sisikii kingine. Na sasa hata macho sina, niangalie kitu nisahau. Tangu juzi sijalala, mama. Hata lepe."

"Tangu lini?"

"Nimesema, tangu juzi."

"Nauliza masikio. Tangu lini?"

Mzee alihesabu kwa vidole, kama kawaida yake, akifuata madarasa ya watoto. "Wa mwisho alikuwa anaingia sekondari. Miaka kumi na moja."

Mtu angetarajia mke aliyesikia hayo amkumbatie mumewe. Mama Vyumba hakumkumbatia. Hasira zilimpanda. Miaka kumi na moja alilala na ule mkoromo chini ya mto, akimwona mumewe mtu mkaidi asiyemjali. Miaka kumi na moja alimsema kwa dada zake, kwa mawifi, hata kwa wanawake wa ofisini. Na sababu ilikuwepo muda wote, ya kueleza kwa maneno matano.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesema tufunge mashine."

"Ningesema hivyo, ndiyo!"

"Na mtoto angesoma kwa pesa gani?"

"Mimi nina mshahara, Fundi! Mimi si mtu wa kutunzwa kama kuku! Umeniacha niwe mbaya kwenye nyumba yangu, kila siku nagombana na redio, na wewe unaniangalia tu?"

"Sikutaka uhangaike."

"Nimehangaika! Nimehangaika miaka kumi na moja bila kujua nahangaikia nini!"

Mzee akageuzia uso ukutani, akilalia upande wa jicho ambalo halikupasuliwa. Mama Vyumba alitoka akaketi kwenye benchi la bustani. Palikuwa pazuri pale. Upepo ulikuwa mwepesi, majani yamefagiliwa, na hapakuwa na sauti yoyote ya kumsumbua, naye hakuweza kukaa zaidi ya dakika chache. Kila alipotazama dirisha lao alijua ndani mle kuna mtu amelala gizani na mashine kichwani, na kwamba yeye ndiye aliyeitoa redio ndani ya sweta kwa mikono yake. Jambo hilo lilimuudhi zaidi, kwa sababu lilimnyima hata raha ya kumkasirikia vizuri.

Akatoa simu ya mkononi. Daftari lilikuwa ofisini, lakini namba nyingine alizijua kwa moyo, hasa za mahali palipolalamikiwa sana. Alipiga ile hoteli ya mpimaji.

"Mwanangu, hebu nyoosha simu dirishani. Usiseme neno."

Yakaja yote kwa pamoja: honi, mtu anagonga chuma, kipaza sauti cha viatu, akina mama wanaitana, lori linalorudi nyuma. Mama Vyumba alifumba macho kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Mnacho chumba?"

"Kipo, mama. Nitakupa cha nyuma, kule hamna kelele sana."

"Sitaki cha nyuma. Nataka upande wa barabara."

Kijana wa mapokezi alidhani hakusikia vizuri. "Mama, wageni wote huomba cha nyuma."

"Wageni wote si mume wangu. Ghorofa ya kwanza, dirisha liwe linafunguka."

Walihama kabla ya jioni. Meneja mwenye tai fupi hakuwaaga kwa huzuni. Hoteli mpya ilikuwa juu ya safu ya maduka. Ngazi zilikuwa nyembamba, shuka zimechoka, na kwenye ukuta wa chumba palikuwa na alama ya maji yenye umbo la kiatu. Mama Vyumba alifungua dirisha na kelele ikaingia kama watu wa msibani, bila kubisha hodi. Akavuta kiti, akamkalisha mumewe pale.

Mzee alikaa ameinamisha kichwa. Polepole mabega yake yakashuka.

"Hapo kuna fundi anachomelea," alisema. "Anatumia fimbo mbovu ya kuchomelea, sikiliza inavyotema. Lori lile gia ya pili haishiki." Baadaye kidogo akasema, "Huyu wa viatu ana mafua." Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. Akaomba mkate, akala nusu yake, kisha akasema atajinyoosha dakika mbili. Alilala hapo hapo, dirisha wazi, kipaza sauti kikitangaza namba za viatu vya watoto, na hakugeuka mpaka asubuhi.

Mkewe hakulala. Alitia pamba masikioni, akafunika kichwa kwa kanga, akajaribu kulaza kichwa upande wa miguu. Kila alipokaribia kusinzia mtu alipiga honi. Asubuhi alipojitazama kwenye kioo aliona macho yaleyale mekundu ya mpimaji.

Saa tatu kifuniko kilitolewa. Daktari, mwanamke kijana asiye na maneno mengi, alimwangaza mzee kwa tochi ndogo, akamwambia atazame ukutani asome herufi. Mzee akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akageuka akamtazama mkewe kwa muda.

"Umezeeka, mama," alisema kwa mshangao wa kweli.

"Sijalala!" mkewe akamkaripia, na daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

Kabla hawajatoka, Mama Vyumba alieleza habari ya masikio, yote, bila kumpa mumewe nafasi ya kuyapunguza. Daktari alisema si fani yake, akawaandikia waende chumba cha masikio, ghorofa ya juu. Huko walisubiri mpaka alasiri. Mtaalamu alimvalisha mzee vipokea sauti, akamwambia anyooshe kidole akisikia mlio. Kidole kilinyooshwa mara chache. Mtaalamu alieleza kwamba masikio yameumizwa na mashine, hayatarudi, na ule mlio huenda ukabaki hivyo maisha yake yote. Akae na sauti ndogo karibu naye anapopumzika, na asirudi kwenye mashine bila vikinga masikio.

"Vilikuwepo vya kununua miaka yote hii?" Mama Vyumba aliuliza.

"Vilikuwepo, mama."

Alimwomba amwandikie vinakouzwa, akatia karatasi kwenye mkoba bila kumtazama mumewe.

Siku zilizobaki ziliendelea hivyo. Mzee alilala vizuri, akala vizuri, akashuka ngazi kila asubuhi kwenda kumweleza fundi wa chini ni fimbo gani ya kuchomelea anunue. Mkewe aliomba chumba cha nyuma kwa ajili yake peke yake. Kilikuwepo, lakini kilipakana na jenereta. Mahali pekee alipopata kusinzia ni kwenye kiti cha kungojea pale kliniki ya macho, ambapo watu wengi walikuwa wamefunikwa jicho na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumza. Siku mbili za mwisho alimhimiza mumewe waende mapema kabisa, saa nzima kabla ya zamu yao, na mzee akadhani ni kwa sababu ya kumjali.

Jicho la kushoto lilipangiwa miezi mitatu mbele. Walipofika nyumbani suala la hoteli lilizuka tena, na walilijadili kwa wiki kadhaa bila kuelewana. Mama Vyumba alipendekeza hoteli tulivu na redio ndani ya begi. Mzee alikataa: redio moja, alisema, haitoshi kwa mtaa usio na hata mtu wa kukohoa. Akapendekeza hoteli ileile, mkewe achukue chumba kingine mbali na jenereta. Hilo nalo mkewe alilikataa: mgonjwa alale peke yake amefunikwa jicho, na yeye akalale wapi kwa roho safi? Walitafuta kitu cha katikati, mtaa wenye kelele kidogo. Alipiga simu kumi na mbili, akasikiliza madirisha kumi na mawili. Kwa kila moja mmoja wao alisema ni kimya mno na mwingine akasema ni kelele tupu.

Mwishowe binti yao mkubwa, mwalimu mwenye wanafunzi sabini darasani, alisema atampeleka baba yake yeye, likizo ya shule ikifika. Alizoea makelele, hayamgusi. "Mama, wewe pumzika."

Mama Vyumba alikasirika kwamba amewekwa kando, akakubali. Aliwasindikiza mpaka kwenye basi, akamkumbusha binti habari za kuinama na kubeba vitu, akarudi nyumbani. Mpwa alikuwa amefunga mashine kwa siku chache ili abadilishe mkanda. Nyumba ilikuwa kimya kuanzia sebuleni hadi jikoni, na hapakuwa na kitu chini ya mto.

Mumewe alipiga simu kila asubuhi. Jicho lilikwenda salama, binti anapiga porojo na wahudumu, kitanda kina kunguni mmoja. "Na wewe, mama? Unalala?"

"Si sana," alisema.

Ukweli ni kwamba alilala vizuri siku zote ambazo hawakuwepo, muda wa saa tisa kila usiku, bila hata kugeuka. Aliamka akiwa na nguvu, akafua mapazia, akamwagilia bustani, na kila akikata simu alijiona mwizi.